Giaboksi Chini ya Kitanda

Gari lilifika ndani ya makasha manne:
mabomba ya chuma, ganda la faiba jekundu kama mate ya tambuu,
kijitabu cha picha na mishale,
na ukurasa mmoja karibu mtupu:
injini na giaboksi, jitafutie.

Nikajitafutia.

Jomvu nzima ikawa mafundi.
Muuza mahamri akasema, weka kubwa.
Shemegi yangu Msellem, asiyepata kumiliki hata baiskeli,
akasema chini ya farasi mia tatu ni kujidhalilisha.
Farasi mia tatu!
Nitawafunga wapi? Uchochoro wetu
punda mmoja wa maji akipita, watu hujibandika ukutani.

Shimanzi, dalali Bakshuwein akaifuta vumbi kwa kiganja,
akakohoa, akaanza:

    Ichukue utaruka, huna haja ya kibali,
    Si silinda za kucheka, ni sita zenye ukali,
    Hapa ukishaiweka, sauti yafika Nyali,
    Kesho utakuja taka, bei iwe laki mbili.

Nikaitazama ile sita. Kilo mia mbili na ushei.
Nikaikumbuka chesisi yangu, watu wanne huibeba
na mmoja wao anazungumza na simu.
Mbuzi ukimtwika mzigo wa ng'ombe
haendi mbio. Huvunjika.

Binti yangu Swabra, kidato cha tatu, hakuuliza nguvu.
Aliuliza, "Baba, utaiendesha wapi?"

Jumapili alfajiri tukapanda pikipiki, tukahesabu.
Jomvu hadi Mazeras, matuta kumi na tisa.
Kilima cha Likoni ukitoka feri:
nyuma mkokoteni, mbele mama na karai lake la viazi.
Barabara wazi, ya kukanyaga mafuta mpaka mwisho,
kilomita tatu na nusu.
Basi. Huo ndio uwanja wetu.

Akaandika kwenye karatasi ya unga:
elfu moja mia sita, farasi mia na kumi na tano,
gari kilo mia sita, kila farasi abebe tano na kitu.
"Hata mimi ningekimbia," akasema.

Tuliipata Miritini, katika gari lililogongwa na lori la klinka,
mkia umekwisha, pua haina mkwaruzo.

Ikabaki giaboksi.

Goti langu la kushoto nililiacha bandarini,
chini ya ndoano ya winchi, mwaka wa mvua nyingi.
Kila anayeniona nikishuka ngazi husema: otomatiki.
Mke wangu Mwanasiti husema. Daktari husema.
Na haki wanayo.
Lakini otomatiki huamua yenyewe,
kama mshenga asiyemuuliza bibi harusi,
na mimi nimeamuliwa vya kutosha:
msimamizi wa zamu, ofisi ya fidia, hilo goti lenyewe.

Nikanunua ya klachi. Gia tano.
Ya tatu inasaga kidogo, ina haya.

Iko chini ya kitanda, maana chumvi ya hapa
hula chuma kama panya na mkate.
Nimeifunga kwa leso kuukuu ya Mwanasiti,
jina lake bado lasomeka:
HATUA NI ZANGU USINIHESABIE.

Jana nilichomelea pedali ya klachi.
Mwanasiti alisimama mlangoni, akaipima kwa macho, akanyamaza.
Nimeisogeza sentimita nane karibu na kiti.
Mguu wangu hapo hauna pa kujikunja.
Wa Swabra unafika bila kuomba.

Usiku usingizi ukinikimbia
nainama, nashika kigingi gizani.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, taratibu.

"Umefika wapi?" Mwanasiti ananiuliza, amefumba macho.

"Makupa."

"Ukirudi, nawa mikono."